Kanda Tatu za Mama Ania

Msimu uliopita nilikwenda Namawala kumsalimia binamu yangu, nikakuta mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Mliokulia bondeni mnaijua harufu ile ya mpunga unaokaribia kuvunwa, asubuhi, umande ukiwa bado juu yake. Inakutia njaa hata kama umetoka kunywa chai sasa hivi. Nilikuwa nimesimama kwenye tuta navua viatu ndipo nikasikia mlio mwembamba, unapanda na kushuka pamoja na upepo. Binamu yangu alikuwa amesimika miti shambani, na kutoka mti hadi mti amevuta utepe mweusi wa kanda za redio ili kufukuza ndege. Siku hizi wengi wanatumia nailoni za kumetameta, lakini yeye ni mtu asiyetupa kitu.

"Hizi za zamani ndizo zinazolia vizuri," akaniambia. "Ndege wanaziogopa."

Nikamwambia kichwa kinaniuma kwa sababu ya jua, nikaenda kukaa kivulini. Jua lenyewe lilikuwa halijapanda.

Mimi ni mwalimu, nimevuka miaka arobaini, na watu wa mtaani kwetu wananiita mtu mnyoofu. Huwa naitikia. Lakini nina aibu moja ninayotembea nayo tangu darasa la tatu, na hata kwenye kitubio sikuisema yote. Nilimwambia padri, "Nimeiba," nikaishia hapo. Akanipa Salamu Maria tatu, na mimi moyoni nikazigawa, moja kwa kila kanda, kama kwamba hesabu imekubali.

Jirani yetu pale Ifakara mjini alikuwa mwanamke wa Kirusi. Mume wake, mhandisi, mtu wa upande wa Mahenge, alikwenda kusoma kwao, akarudi na shahada na mke. Tulimwita Mama Ania, kwa jina la binti yao wa pekee, kama anavyoitwa mama mwingine yeyote. Nilipoanza kuwa na akili mhandisi alikuwa ameshafariki, na Ania, aliyekuwa mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, alikuwa amepelekwa kwa bibi yake Urusi kusoma. Watu walisubiri mama naye afungashe aondoke. Hakufungasha. Alibaki na nyumba yake ya bati, bustani yake ya kabichi, na kaburi la mumewe alilokwenda kulifagia kila Jumamosi asubuhi.

Mimi nilikuwa naingia kwake kama kwetu. Nadhani alinichukua nijaze kiti cha Ania, na mimi nilikijaza kwa furaha, kwa sababu kiti kile kilikuwa na jamu. Alikuwa anapika jamu ya ukwaju, anakupa chai ya rangi na kijiko cha jamu pembeni. Nikimwamkia, "Shikamoo, Mama Ania," alikuwa anaitikia kwa Kiswahili chake kilichokatwakatwa vizuri, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Hata niwe nimekula, nilikuwa sijala.

Sebuleni kulikuwa na vitu viwili nilivyovitazama sana. Cha kwanza kilikuwa sanduku kubwa la mbao nyeusi, limesimama ukutani, miguu yake imewekwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa. Hiyo ilikuwa piano yake. Ilikuja kwa treni mpaka stesheni ya Ifakara, ikafikishwa nyumbani kwenye tela la trekta juu ya magunia ya pumba ili isigongwe, na wazee walikuwa bado wanasimulia jinsi vijana wanane walivyoishusha. Lakini makopo yaliwekwa kwa kuchelewa. Mchwa walikuwa wameshaingia kwa nyuma, na masika ya bonde letu yakamalizia kazi. Mimi sikuwahi kuisikia ikilia. Nilijua ni kabati lisilofunguka vizuri, linalonuka mafuta ya taa.

Cha pili kilikuwa picha. Msichana amekaa ubavuni mwa kitu kikubwa cheusi kilichoinuliwa mfuniko, na pale nje kwetu lori likiinuliwa boneti hivyo ujue limeharibika. Nikaamini kwamba Mama Ania ujanani alikuwa fundi wa magari. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Niliwaambia hata wenzangu shuleni.

Ukweli alinisimulia mwenyewe, vipande vipande, huku anamenya viazi. Alizaliwa kwenye mji ulio kando ya mto mpana kuliko Kilombero, mto ambao miezi mingine unakuwa mgumu mpaka malori yanavuka juu yake. Hapo nilidhani ameanza kutia chumvi. Alianza piano akiwa na miaka mitano. Mwalimu alikuwa anamwekea kiberiti juu ya mgongo wa mkono, kikidondoka anaanza upya. Baadaye akaenda kwenye chuo kikubwa cha muziki, akawa mpiga piano wa kazi hiyo tu, hana nyingine. Alisafiri kwa treni siku tatu, nne, gauni jeusi likiwa limekunjwa ndani ya sanduku, anashuka, anapiga, watu wanasimama na kupiga makofi, anapanda treni tena. Katika mji mmoja mabomba ya kupasha moto ukumbi yalikuwa yamepasuka, watu wakakaa na makoti, yeye akapiga na glovu zilizokatwa vidole. "Hakuna aliyeondoka," aliniambia. "Walikaa mpaka mwisho." Jambo hilo alilipenda kuliko makofi.

Alipoamua kuolewa na mwanafunzi kutoka Afrika, mwalimu wake wa chuo alikataa kumpa mkono wa kwaheri. Alisema haagani na mikono inayokwenda kuzikwa. Mama Ania alilisema hilo bila hasira, akachukua kiazi kingine. Nikavitazama vidole vyake. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo, viwili vimeanza kupinda, na kisu alikishika kwa shida.

Kabla hajaondoka kwao, redio ilikuwa imemrekodi. Akanakili kwenye kanda tatu, akaja nazo. Miaka ilivyopita aliandika barua kuulizia zile kubwa zilizobaki redioni, akajibiwa kwamba zilifutwa, zikarekodiwa mambo mengine. Kwa hiyo zilibaki zile tatu, ndani ya kopo la biskuti, juu ya piano. Siku moja alinipa moja niishike. "Devota, humu ndani nimo mimi," akasema. Nikachungulia kwenye kidirisha chake, nikaona utepe wa kahawia, basi. Nikacheka, na yeye akacheka kwa sababu nimecheka.

Nisikilizeni hapa vizuri, maana ndipo ujinga wangu ulipolala. Kila siku saa kumi alasiri Mama Ania alikuwa anaweka kanda kwenye redio, anakaa mezani, ananyoosha mgongo, halafu vidole vyake vinaanza kukimbia juu ya kitambaa cha meza. Muziki unatoka. Akigonga kwa nguvu, unatoka kwa nguvu. Akiinua mikono, unanyamaza. Mimi nilikuwa nimemwona mwalimu wa kwaya kanisani akibonyeza kinanda mbele, na sauti ikatokea kwenye spika zilizotundikwa ukutani, mbali kabisa na mikono yake. Basi nikaelewa kwamba na hapa ni vilevile. Vidole viko mezani, sauti inatokea redioni, na kanda ni kama betri, kitu cha kuwashia tu. Kanda za watu wengine nilizijua, zina watu ndani wanaimba. Zake hazikuwa na mtu hata mmoja.

Siku moja betri za redio ziliisha katikati. Muziki ukaanza kuvuta, ukawa mzito, na vidole vyake navyo vikavuta, vikawa vizito, mpaka vyote vikasimama pamoja. Akaegemea kiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikamwambia, "Pole, Mama Ania, umechoka." Akasema ni kweli, amechoka.

Mwaka huo ndege walikuwa wengi. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa Kidatu, anakuja mwisho wa mwezi, na shamba la Namawala lilikuwa la mama na sisi. Mpunga ulipoanza kutia maziwa tulihamia huko kuinga ndege, kama familia zote. Mama alijenga dungu, tukapanda juu na makopo na makombeo ya udongo, tukapiga kelele tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Lakini jirani zetu wa pande mbili walikuwa wamevuta utepe wa kanda. Mmoja alikuwa ametoa hata kanda za kwaya aliyowahi kuiimbia mwenyewe. Kwelea kwelea wakifika kwao wanasikia ule mlio, wanageuka, wanatua kwetu. Tulikuwa tumegeuka hoteli. Mama sauti ilimkauka. Jioni moja nikamwona amekaa chini ya dungu ameshika mashuke yaliyobaki makapi, anayapukuta, halafu anaitazama mikono yake mitupu.

"Tukiendelea hivi hatufiki Krismasi," akasema, si kwangu, kwa mikono yake.

"Mimi najua pa kupata kanda," nikasema.

"Wapi?"

"Kwa Mama Ania. Anazo tupu."

Mama akaniangalia. "Ukamuombe kwa adabu. Akikataa usinung'unike."

Ijumaa akanituma mjini kufuata chumvi na mafuta ya taa. Nililala nyumbani kwa shangazi, na Jumamosi asubuhi nikamsubiri Mama Ania atoke na ufagio wake kwenda makaburini. Ningeweza kumwomba. Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliamini kanda ni betri, na ni kweli niliamini. Lakini mtu anayeamini kitu ni cha bure hasubiri mwenyewe aondoke. Nilijua mlango wa nyuma haufungwi. Niliingia, nikafungua kopo la biskuti, nikazitia zote tatu kwenye kapu chini ya chumvi. Njiani nikatunga maneno ya kumwambia mama, na yalinijia bila shida.

"Amenipa. Amesema zisaidie."

"Mungu ambariki," mama akasema.

Tulivuta utepe shamba zima. Maganda ya plastiki niliyabakiza, kwa sababu nilipenda kuzungusha vile vigurudumu kwa kidole. Upepo ulipokuja utepe ukaanza kulia, na ndege wakaja kama wingu, wakafika juu ya tuta letu, wakageuka. Mama alipiga kigelegele kwa ile sauti yake iliyokauka. Usiku huo mimi ndiye niliyepewa kichwa cha kambale, ambacho kwetu hupewa baba. Nilikula chote. Sijawahi kusifiwa vile tena maishani mwangu, hata siku nilipohitimu ualimu.

Wiki mbili baadaye mpunga wa upande wa juu ulikuwa tayari kwa pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kutwangwa bapa. Mama alikuwa amemwahidi Mama Ania pepeta ya kwanza, na Jumapili baada ya misa akaja, amepanda kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anakuja kuangalia shamba lake. Niliposikia mlango wa gari na kumwona anashuka na kofia yake ya majani, nilitamani kujificha, lakini mama alikuwa ameshaniita nimpokee mkoba. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akaitikia. Hakuniuliza kama nimekula.

Mama akamkalisha kwenye kigoda chini ya dungu, akamshika mikono yote miwili. Mama yangu si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa nayo.

"Mama Ania, sijui nikushukuru vipi. Zile kanda ulizompa Devota zimetuokoa. Tulikuwa tumekwisha. Angalia mwenyewe."

Akamwonyesha shamba. Utepe ulikuwa unametameta juani, na upepo ulikuwepo, kwa hiyo ulikuwa unalia. Mama Ania akautazama. Akaufuata kwa macho kutoka mti wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudi, kisha akanitazama mimi. Nilisubiri. Mama naye alikuwa anasubiri, anatabasamu, hajui. Neno moja tu lingetosha. Kipigo sikukiogopa, niliogopa mama ajue kwamba kichwa kile cha kambale nilikila kwa wizi.

"Nashukuru zimefaa," Mama Ania akasema.

Akainuka, akaingia shambani polepole, akinyanyua gauni lisilowane. Nikamfuata kwa sababu mama alinisukuma nimfuate. Alipofika kwenye utepe akaushika kwa vidole viwili vilivyopinda, na mlio ukakoma mstari mzima. Halafu akauachia, ukaanza kulia tena.

"Wanakimbia kweli?" akaniuliza, bila kunigeukia.

"Wanakimbia."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Kwetu walikuwa wanakaa mpaka mwisho," akasema. Akarudi kwenye kigoda, akala pepeta, akamsifu mama, akaomba nyingine.

Tulivuna magunia ya kutosha mwaka ule. Baada ya mavuno nikautungua utepe wote, nikauzungusha kwenye magunzi ya mahindi, ulipokatika nikaufunga fundo, nikaupeleka kwake pamoja na yale maganda. Nilidhani nitamaliza kesi. Aliupokea, akauweka mezani. Kwa siku kadhaa tulikaa mezani pake, yeye anapangusa tope kwa kitambaa, mimi ninarudisha utepe ndani kwa kuzungusha penseli. Hakunipa jamu, na mimi sikuomba. Siku ya tatu akaweka kanda ya kwanza kwenye redio, akakaa, akanyoosha mgongo.

Kikatoka kishindo, kama maji yanayopita chini ya daraja. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. Vilikimbia vilevile, kwa nguvu palepale, vikapunguza palepale, vimefunga macho pamoja na yeye. Na meza ikatoa sauti ya meza. Tu-tu-tu, kucha na mifupa kwenye ubao. Mahali pamoja tu, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, muziki ulijitokeza safi, halafu fundo likapita na ukapotea. Aliendelea kugonga mpaka kanda ikaisha. Nikaitazama mikono ile, nikaelewa. Haikuwahi kutoa kitu chochote mbele yangu hata siku moja. Aliyekuwa akipiga kila alasiri alikuwa yule msichana wa kwenye picha, na yeye nilikuwa nimemtundika Namawala juani.

Nikaanza kulia. Akanipa kitambaa cha kupangusia tope, ndicho kilichokuwa karibu.

"Mama yako asijue," akasema. "Alifurahi sana. Ania akiuliza, nitamwandikia mimi."

Kopo la biskuti akaliweka pale pale juu ya piano. Sikumwona akilifungua tena. Saa kumi alikuwa anaendelea kunikaribisha chai, na baada ya muda jamu ilirudi, lakini redio alisikilizia habari tu. Niliendelea kwenda mpaka nilipoingia sekondari, halafu nikaanza kwenda kwa nadra, nikajipa sababu za masomo. Alifariki nikiwa bwenini. Walimzika kando ya mhandisi. Nyumba ilipotolewa vitu, sanduku la piano lilianguka vipande mikononi mwa wabebaji, na kopo la biskuti sijui lilikwenda na nani.

Miaka mitatu iliyopita Ania alikuja. Mwanamke mzima, nywele zimeanza mvi, Kiswahili chake kimepata kutu lakini bado cha Ifakara. Nilimpeleka makaburini, nikampikia wali wa mpunga wa Namawala na kambale. Alikaa mezani kwangu, mgongo umenyooka, na mikono aliyoiweka kando ya sahani ilikuwa ya mama yake kabla haijavimba. Akaniambia hakumbuki kumsikia mama yake akipiga. Alipoondoka Ifakara alikuwa mdogo, na piano ilikuwa imeshakufa.

"Devota, wewe ndiye uliyekuwa karibu naye," akasema. "Kulikuwa na kanda tatu. Unajua zilipotelea wapi?"

Nilikuwa na miaka arobaini kasoro. Nilikuwa na watoto wawili ambao nimewachapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Alikuwa amesafiri mabara mawili kuja kuniuliza swali moja, na jibu nilikuwa nalo peke yangu duniani.

"Mchwa," nikasema. "Unajua tena mchwa wa huku."

Akatikisa kichwa taratibu. Akachukua kijiko, akakirudisha, akanitazama kwa macho yale yale yaliyonitazama chini ya dungu.

"Mama aliniandikia kwamba ni ndege," akasema.

Nilimwongezea mchuzi.